Boneti Kwanza, Amina Baadaye

Ombati mwanangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto, na namjua, hatakuachilia kabla hujala. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kusimama mlangoni ukiniambia, "Mama, hayo maneno tulimaliza." Hatukuyamaliza. Wewe ndiye uliyeyamaliza. Mimi bado yamenikaa kooni. Na kwa kuwa kila nikifungua mdomo tunagombana, nimeamua kuyaandika niyatie ndani ya begi lako chini ya mashati, ili uyapate ukiwa umeshafika Nairobi na hasira imepoa.

Sitakuambia uvae sweta. Mjomba wako utakayefikia kwake ana mke, na mke huyo anao mdomo, atakuambia. Sitakuambia habari ya kula wala ya marafiki wala ya wasichana, maana hata nikikuambia utafanya utakavyo, nami nilipokuwa na umri wako nilifanya vivyo hivyo. Nitakuambia habari ya gari tu. Gari ndilo linalokutoa kwangu kesho. Gari ndilo lililomtoa baba yako kwangu. Na mimi sina mtu mwingine wa kutolewa.

Naogopa, Ombati. Nalisema waziwazi kwa sababu mbele yako nimekuwa nikijifanya mkali, na ukali wangu wote ni hofu iliyovaa kilemba. Tangu uliponionyesha kwenye simu picha za hilo gari unalokwenda kulinunua, jeupe, limeoshwa mpaka injini inang'aa, chakula hakina ladha. Nilikuuliza gari hilo limetunzwa na nani, ukacheka. Ulinijibu, "Mama, huyo ni mtu wetu. Ni wa Kenyenya, hapa hapa kwetu Kisii. Tumeongea Kisii mwanzo mpaka mwisho. Sasa mtu wetu atanidanganya aje?"

Atakudanganya kwa Kisii. Hivyo ndivyo atakavyokudanganya. Mgeni angekuletea gari ungemkagua yeye na gari lake mpaka meno, lakini mtu akishakujibu salamu "mbuya mono", njema sana, katikati ya Nairobi, moyo unalainika, unaona kama amekuletea harufu ya nyumbani, na kuuliza maswali kunakuwa kama kumtukana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe wakati mwingine ni zile za kuendea kanisani.

Ulikuwa mdogo gari letu lilipokuja. Unaikumbuka sherehe, nakusikia ukiisimulia, lakini kilichotendeka hukukijua kwa sababu hatukuwaambia watoto. Baba yako na mimi tulikuwa tumechoka kuwabembeleza wenye pikapu kila siku ya soko. Ndizi zilikuwa zinaivia kando ya barabara hapo Keumbu tukimngoja mtu apate nafasi, na ndizi ikishaiva haina bei, ina huruma tu. Ndugu mmoja wa kanisa letu alikuwa anauza stesheni wagoni yake nyeupe. Sitamtaja jina, wajukuu wake mnacheza nao mpira. Akatuambia ataileta nyumbani tuione, hatuna haja ya kusumbuka kwenda kwake.

Aliileta Ijumaa, jua likikaribia kuzama. Unajua kwetu jua la Ijumaa likizama biashara imefungwa. Hakuna kuuliza bei, hakuna kuwasha injini usikilize. Tuliliacha gari uani, tukaoga, tukaingia Sabato. Na kesho yake, baada ya ibada, kanisa zima likaja nyumbani, maana habari zilikuwa zimeshaenea kwamba kwa baba yako Onchari kumeingia gari. Mzee wa kanisa akaweka mkono juu ya boneti. Akayaombea magurudumu, akauombea usukani, akamwombea kila atakayekalia viti vile. Tukasema amina kwa sauti iliyofika kwa jirani. Katika watu wote wale waliokuwa uani, hakuna aliyekuwa ameinua boneti ile kuona kilichomo.

Naomba unielewe. Silaumu maombi. Nimeomba mchana huu na nitaomba tena. Lakini tulikuwa tumekwisha kushukuru kwa kitu ambacho hatukukijua, na pesa zilikuwa bado ndani ya nyumba yetu, hatujampa mtu hata shilingi. Mlango ulikuwa bado wazi.

Jumapili asubuhi baba yako alimwita fundi kutoka sokoni. Mwenye gari alikuwa ameketi hapo kibarazani na kikombe cha chai, amevaa vizuri, anasubiri kulipwa. Fundi akalizunguka gari, akapiga magoti, akafungua mlango wa nyuma. Akaniambia, "Mama Ombati, wacha niinue hii kapeti ya nyuma kidogo nione chini."

Mimi ndiye niliyemjibu, si baba yako. Nilisema, "Fundi, hii gari imeombewa jana na kanisa nzima. Unatafuta nini tena?"

Fundi akamwangalia baba yako. Baba yako akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwani akiangalia kuna ubaya?" Nikamwambia tutaonekana hatuna imani, na mwenye gari yuko pale anatusikia. Baba yako alikuwa mtu asiyependa kelele. Alimwashiria fundi aache. Fundi akarudisha spana zake kwenye gunia, akaletewa matoke, akala, akaenda zake. Nami nikaona nimelinda heshima ya nyumba yangu.

Nimeishi na asubuhi hiyo miaka yote hii. Nikichuma chai naiona, nikipanga ndizi naiona. Wewe unafikiri nalipinga gari lako kwa sababu tumeuza kipande cha chai kulipata. Mwanangu, chai hukatwa ikachipua. Ningeuza na kilichobaki kama kingenirudisha kwenye uwanja ule nimwache fundi ainue kapeti.

Kuna neno jingine alilolisema mwenye gari siku hiyo ambalo lilitufurahisha sana. Alisema, "Hii gari haijawahi kuonja gereji. Haijawahi." Tukapiga makofi. Hebu fikiria ujinga huo. Mtu akikuambia mtoto wake hajawahi kupelekwa kliniki tangu azaliwe, utampongeza? Gari halina mwili wa chuma cha mbinguni. Mafuta ya injini yanachakaa, mikanda inalika, breki zinakwisha. Lisiloonja gereji ni gari ambalo mwenyewe alilipanda tu likamtii mpaka likachoka. Kwa hiyo huyo mtu wako wa Kenyenya akikuambia hivyo, usicheke naye. Mwulize fundi wake ni nani, yuko wapi, umpigie simu. Mwulize mafuta yalibadilishwa lini, na kibandiko cha gereji chenye tarehe kiko wapi. Akikuonyesha rundo la risiti za matengenezo zimechafuka kwa grisi, huyo msikilize, hata kama gari lake lina mikwaruzo. Mwenye kusema "hapa palivunjika, nikarekebisha hivi" ni nafuu kuliko mwenye gari lisilo na historia.

Letu lilianza kusema ukweli wake wiki ile ile. Lilipoletwa lilikuwa limetoka safari, injini ina joto, likaingia uani likinguruma vizuri kama lina haraka ya kutufurahisha. Baridi ya Keumbu ya alfajiri ndiyo iliyolifichua. Halikuwaka. Unakumbuka mlivyolisukuma wewe na baba yako kabla ya shule, mkarudi ndani na matope mpaka magotini? Majirani wakaliita mgonjwa wa asubuhi. Tulicheka nao, tungefanya nini. Kwa hiyo wewe usimwambie mtu utafika saa ngapi. Nenda asubuhi, na kabla salamu hazijaisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mwambie umesahau kitu, utarudi kesho. Gari lazima ulione likiamka lenyewe, usikie linavyokohoa, uuone moshi wake wa kwanza una rangi gani.

Baba yako alipokuja kufungua kifuniko cha mafuta ya injini, akakuta chini yake pamepakaa kitu cheupe kama uji uliopoa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Tungefungua kifuniko hicho siku ya kwanza, kinafunguka kwa mkono, mtoto angeweza. Na mita ilikuwa inasema gari limetembea kidogo sana, lakini pedali ya breki mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. Nilikiona kile chuma kwa macho yangu. Nikajiambia labda mwenyewe ana miguu mizito. Ndivyo mtu anavyofanya akishapenda kitu, anakitungia sababu. Mita inarudishwa nyuma, Ombati, siku hizi hata kijana wa kutengeneza simu anaweza kuirudisha. Angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvificha: pedali, usukani, kiti cha dereva, ukanda wa usalama.

Injini ya huyo mtu wako inang'aa. Mwulize kwa nini. Nimeuza ndizi maisha yangu yote na najua sababu ya mtu kufuta ndizi kwa kitambaa kabla mnunuzi hajafika. Huwa kuna doa.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Baba yako alikuwa anashuka kwenda Kisii na ndizi, mimi nikabaki kibandani kwa sababu kulikuwa na wateja. Nilimpungia mkono bila kumtazama vizuri, nilikuwa naihesabu chenji ya mtu. Kwenye mteremko, gari likapasuka sehemu ya nyuma. Si breki, si mwendo. Chini ya kapeti, pale pale fundi alipotaka kuangalia, gari lilikuwa limeunganishwa. Nusu ya mbele ilikuwa ya gari moja na nusu ya nyuma ya gari jingine, zikachomelewa, zikapakwa rangi, zikafunikwa kapeti safi. Mzigo na mashimo ya barabara vikalifumua polepole mpaka siku ile. Gurudumu la nyuma likaenda njia yake, gari likaingia kwenye chai ya watu. Walimtoa akiwa hai. Hakufika hospitalini.

Kila mtu aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Niliitikia. Usiku wa matanga, mzee wa kanisa alishika mikono yangu akasema tusimuulize Mungu maswali, nami nikafikiri moyoni kwamba si Mungu tuliyeshindwa kumuuliza, ni yule ndugu aliyekuwa akinywa chai kibarazani.

Alikuja mazishini. Alilia kuliko mimi. Baadaye nilimwendea nyumbani kwake, nimejaa maneno, nimeyapanga njiani moja moja. Akaniangalia kama mtu mgonjwa, akasema, "Mama Ombati, mimi pia niliuziwa ikiwa imepakwa rangi. Aliyeniuzia ni shemeji yangu. Ningemuuliza aje?" Nikamuaga. Maneno yote niliyompangia yalikuwa yanarudi kwangu mimi. Nikarudi nyumbani nikayapika na mboga.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe, sasa hivi, kwenye karatasi hii. Mabaki yale yalikaa kituo cha polisi kwa muda, kisha tukaambiwa tuyaondoe. Akaja mtu na lori, simjui, akasema ananunua vyuma. Karo yako ilikuwa imechelewa na ulikuwa umerudishwa nyumbani. Nusu ya mbele ilikuwa haijaharibika sana, hata taa zake zilikuwa nzima. Nilimuuzia. Sikumuuliza anaipeleka wapi. Nilijua vyuma vya kuyeyushwa havibebwi kwa uangalifu namna ile, vikifungwa kamba na kuwekewa magunia pembeni visikwaruzwe. Nilijua, nikapokea pesa, ukarudi shule.

Labda iliyeyushwa. Najaribu kuamini hivyo. Lakini kila nikiona gari jeupe limepakwa rangi mpya, nasimama njiani nikifikiri huenda mahali fulani mama mwingine amelipokea kwa nyimbo, na nusu yake nimeiuza mimi. Ulipotoa simu yako na kunionyesha gari jeupe nilitoka nje. Ulifikiri nimekudharau. Nilikwenda kushika mti nisianguke.

Kwa hiyo nakuomba. Sikuamuru, umeshakuwa mtu mzima na ndevu unazo, chache lakini unazo. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji. Lipeleke gari kwa fundi ambaye wewe umemtafuta, asiyemjua muuzaji, hata ikibidi asiyejua neno moja la Kisii. Liinuliwe juu. Kapeti zitolewe zote, za mbele na za nyuma, na mlango wa nyuma uchunguzwe mpira wake na rangi iliyo chini ya mpira. Ukiona chuma kimepakwa kitu kizito kipya mahali ambapo hapapakwi, ondoka. Ukisikia harufu ya udongo uliolowa ndani ya viti, ujue lilikunywa mafuriko, ondoka. Namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma, si kwenye picha, uilinganishe na logibuku, kile cheti cha mwenye gari, na ulitafute gari hilo kwenye mtandao wa serikali uone mwenyewe ni nani, na kama benki inalidai. Jina likiwa la shemeji, mwite shemeji aje. Na usikubali kuzungushwa ndani ya uwanja tambarare wa kuuzia magari. Sisi ni watu wa milima. Tafuta kilima, panda nalo, shuka nalo, kimya, redio imezimwa, uyasikilize magurudumu.

Huyo mtu wetu atakasirika. Atakuambia, "Kijana, yaani huniamini?" Mjibu kwa heshima kwamba mama yako ni kichaa na amekukataza. Nitupie mimi. Lawama zote za Kenyenya nitupie mimi, mgongo wangu umezoea mizigo. Akiwa mtu mwema na gari lake ni zima, ataketi angoje fundi amalize, kisha atakucheka, nawe utamlipa na mtakuwa marafiki. Sisemi ni mwongo. Yule wetu naye hakuwa mwongo.

Najua kinachokufunga. Umeshawaalika. Sabato ijayo unatakiwa ulilete gari nyumbani liombewe kabla ya kuanza nalo kazi ya teksi huko Nairobi. Mbuzi ameshanunuliwa, shangazi zako wameshashona vitambaa, na kila nikifika kituo cha kupeleka chai naulizwa ni rangi gani. Ukishakuwa na siku, mwanangu, gari linakuwa lazima, na kitu kikishakuwa lazima mtu haoni chuma kwenye pedali. Hilo linanitia hofu kuliko mtu wa Kenyenya. Itafika Alhamisi na gari zuri halijapatikana, utafikiri juu ya uso wako mbele ya kanisa, na utanunua lolote.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa unanyolewa, nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia Sabato ijayo huenda gari lisiwepo, na watu waje hivyo hivyo. Akasimama na panga mkononi.

"Sasa Mama Ombati," akasema, "gari kama haiko, tutaombea nini?"

Nikamwambia mtamwombea mtoto. Na kama gari litakuwepo, hakuna mkono utakaowekwa juu yake kabla fundi hajaliinua mbele ya macho yangu, hata kama kanisa litangoja mpaka Jumapili ya mwaka mwingine. Akalifuta panga kwa majani. Nilidhani atanikemea. Akasema, "Onchari alikuwa rafiki yangu. Mimi ndiye niliyeomba ile siku." Kisha akainama, akaendelea kukata majani. Nami nikarudi nyumbani nikilia barabarani, mchana kweupe, watu wakiniona.

Utanikasirikia kwa kwenda huko bila kukuambia. Kasirika. Kasirika ukiwa hai, nitafurahi.

Nakusikia unafungua lango, na mbwa anakulilia. Lazima nifiche hii kabla hujaingia, kisha nitakuandalia chakula na nitakukaripia kwa sababu umechelewa, na hutajua kitu.

Ukilipata gari zima, lilete, nitaliketia nyuma kama malkia. Lakini usipolipata, usione haya kupanda basi. Nitakuwa stendi ya Kisii nakungoja, nimevaa nguo yangu ya Sabato. Na ukishuka mikono mitupu, huna gari, huna ufunguo, huna cha kuonyesha, nitapiga vigelegele pale pale katikati ya watu mpaka wenye boda boda wageuke, waulizane huyu mama amezawadiwa nini.

Mama yako,
Kerubo